Mchoyo wa Baraka

Mtu akikwambia mume wa fulani ana moyo mzuri, muulize kwanza kama yeye anaishi naye. Mimi naishi naye. Naitwa Milunka, mke wa Vidoje, na hapa kijijini Brezova hakuna asiyemjua Vidoje, kwa sababu hakuna nyumba ambayo hajaipelekea kitu kilichotoka kwangu.

Siku ya harusi yetu alikuja kanisani bila koti. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini. Koti lenyewe lilikuwa jipya, alilonunuliwa na baba yake kwa ajili ya siku hiyo, naye akamvisha njiani mpiga tarumbeta mmoja aliyekuwa anatetemeka. Mama yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, bado hujafungishwa ndoa, turudi zetu nyumbani." Mimi nikacheka. Nilikuwa msichana, nikaona nimepata mtu wa maana. Tangu siku hiyo ameondoka ndama, limeondoka jiko la kuni, imeondoka baiskeli ya binti yetu Zorica ambayo bado alikuwa anaipanda. Cherehani yangu iliondoka ikarudi, lakini hiyo niliifuata mwenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kitu kikishikwa na mkono wake lazima kizae. Hapa sote tunalima rasiberi, kijiji kizima, vilima vyote viwili. Wengine wanapulizia dawa, wanasoma vipeperushi, wanamwita bwana shamba. Vidoje anafika mwisho wa mstari, anavua kofia, anafanya ishara ya msalaba, anasema "Mungu tusaidie," basi. Anafanya kazi tangu giza la asubuhi mpaka anaposhindwa kunyoosha mgongo, hilo simnyimi. Na rasiberi zetu zinainamisha matawi. Baba Sava, padri wetu, anasema nyumba yetu ina baraka. Nilimjibu kwamba hiyo baraka ikifika kwangu haivui hata viatu, inapita moja kwa moja ikatokea mlango wa nyuma.

Vidoje mwenyewe ukimuuliza anasema si vyake. "Mungu hanipi niweke, Milunka. Anapitishia kwangu tu."

"Na mimi je? Nami si niko hapahapa njiani?"

Hucheka tu, huku akiendelea kunoa shoka la mtu mwingine.

Sasa niseme habari ya paa, maana ndilo lililoleta yote. Mwaka juzi mvua ya mawe ilivunja vigae vya upande wa chumba chetu cha kulala. Tukatandika turubai, upepo ukalichana. Tangu hapo mvua ikinyesha inatuingilia kitandani, ikabidi niweke beseni katikati yetu, likalala pale kama mtoto mchanga. Nikigeuka usingizini namwagikiwa. Nikavumilia. Mwaka jana tulivuna vizuri, tukanunua vigae, Vidoje akavipanga kando ya ukuta kwa ustadi mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuviangalia. Kila asubuhi nikienda kulisha kuku nilikuwa navigusa.

Mwezi wa kumi zizi la Obren likaungua. Obren ni jirani yetu wa upande wa mtoni, mtu wa ng'ombe wengi na bahati ndogo. Mimi nilikuwa nimekwenda mjini kwa Zorica kumwona mjukuu. Niliporudi, ukuta ulikuwa mtupu.

"Vigae viko wapi?"

"Kwa Obren."

"Ameviazima?"

"Hapana. Ng'ombe wake walikuwa nje, Milunka. Na baridi inaingia."

"Na mimi niko wapi? Mimi siko nje?"

"Wewe una beseni," akasema.

Wala hakuwa anatania. Nilikaa kwenye ngazi ya mlangoni na koti langu la safari, na mkoba mkononi.

Kwa hiyo matumaini yangu yote yalikuwa kwenye mavuno ya mwaka huu. Nilimwambia waziwazi, mwezi wa tatu, tukiwa tunafunga matawi kwenye waya: rasiberi za mwaka huu ni paa. Si zizi la mtu, si harusi ya mtu, si mguu wa mtu uliovunjika. Ni paa. Akasema sawa. Nikamwambia aseme tena nikimwangalia usoni. Akasema tena.

Wachumaji wetu ni akina mama wa ng'ambo ya mlima, walewale miaka yote, najua majina ya wajukuu wao. Mwaka huu hawakuja. Jirani yetu Stojanka aliwatumia salamu kwamba yeye ataongeza malipo na mchana atawapa nyama, wakahamia kwake. Sikuwalaumu, nyama ni nyama. Lakini Stojanka nilimlaumu, maana tayari nilikuwa na kinyongo naye. Shamba lake liko juu ya letu, na sisi wawili hatukuwa tumesalimiana tangu alipoukata mti wetu wa plamu uliokuwa mpakani, eti unamnyima jua. Tulikuwa tunapishana njiani kila mtu akiangalia ukingo wake.

Basi tukachuma wenyewe, mimi na mzee wangu mwenye goti linalovimba. Zorica hakupata ruhusa kazini. Na rasiberi haina subira: leo ya waridi, kesho nyekundu, keshokutwa ukipumua karibu yake imeshaanguka. Mpaka kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Petro tulikuwa tumemaliza nusu ya chini tu. Nusu ya juu ilikuwa imeiva yote, inang'aa, inaning'inia. Radio ikasema mvua ya mawe inakuja siku inayofuata sikukuu. Na ghala la baridi kule barabarani, wanakotununulia, hawapokei tunda lililolowa hata ukiwapigia magoti.

Sasa sikukuu ya Petro kwenye kalenda ya kanisa imeandikwa kwa wino mwekundu. Siku nyekundu mtu hafanyi kazi yake. Wako wanaofunga pazia wakafanya kimyakimya, nawajua kwa majina. Vidoje hapana. Nilijaribu asubuhi, nikiwa bado na gauni la kulalia.

"Twende tukachume kidogo mpaka kengele ya kwanza. Nani atatuona?"

"Leo ni Petro, Milunka."

"Petro alikuwa mvuvi. Anajua maana ya kitu kuoza."

Nikaona limemfurahisha, ule mdomo wake ulicheza kidogo. Lakini akachukua wembe akaenda kunyoa ndevu kwa ajili ya kanisa, na mimi nikajua nimeshindwa.

Baada ya ibada tulisimama kwenye ua wa kanisa kama kawaida, watu wanaonja rakia, pombe yetu kali ya matunda, wanaulizana habari za wagonjwa. Baba Sava akasema Stojanka hakuonekana. Wachumaji wake wamevuka mlima jana jioni, kijijini kwao Petro ndiye mtakatifu wa kanisa lao, wanapika, wanacheza, hawarudi mpaka keshokutwa. Mumewe Radoman yuko hospitali tangu majira ya kuchipua. Kwa hiyo yule mwanamke yuko shambani peke yake tangu alfajiri, na mistari yake ni mingi kuliko ya mtu yeyote hapa. Mtu mmoja akacheka. Mimi sikucheka, ila sitasema kwamba nilihuzunika.

Vidoje akaweka glasi chini. Nikaona anavyoiweka, taratibu, nikajua. Nikamshika mkono wa shati.

"Vidoje."

"Nakuja sasa hivi."

Alikwenda nyumbani kwa hatua ndefu, na mimi nyuma yake na viatu vyangu vya kanisani, akachukua ndoo ya kuchumia akaifunga kiunoni. Kisha akachukua na yangu, akaishika mkononi bila kusema ni ya nani.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Zetu kuchuma ni dhambi, za Stojanka si dhambi?"

"Zetu ni kazi. Za jirani ni moba."

Moba naijua, nimezaliwa ndani yake. Ndio ujima wetu, tangu kwa mababu: siku nyekundu haugusi cha kwako, lakini kwa mjane au mgonjwa au mtu aliyeelemewa unaruhusiwa kwenda, bila malipo, na wazee walikuwa wanasema mtakatifu mwenyewe anatembea kwenye mistari pamoja nanyi. Sheria siikatai. Sikudhani tu kama kuna siku itatumika kwa mwanamke yule.

"Ametuchukulia wachumaji, Vidoje."

"Sasa hana hata hao. Na Radoman yuko hospitali."

"Na paa langu?"

Hapo akasimama. Akageuka akaangalia rasiberi zetu za juu, nyekundu kabisa, na uso wake ukakunjamana kwa muda kidogo. Aliona, si kwamba hakuona. Ingekuwa haoni ningemsamehe mapema.

"Kesho tutaamka giza," akasema. "Radio wanasema mvua ni jioni."

"Radio ndiyo iliyosema mwaka juzi kutakuwa na jua."

Akaenda. Niliingia ndani nikagonga sufuria zote nilizonazo. Nikaosha vilivyokuwa safi. Halafu nikakumbuka lile goti, na kwamba hajala kitu tangu mkate wa kanisani, nikakata mkate wa mahindi, na malai ya maziwa, nikavifunga kwenye kitambaa, nikapanda kumrudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, kumrudisha.

Hapa kwetu ukiwakuta watu kazini lazima useme "Mungu awasaidie," nao lazima wakujibu. Hata adui. Nilifika kwenye mstari wa kwanza nikiwa nimekaza midomo, na maneno yakatoka yenyewe. Stojanka akainuka nyuma ya majani. Kitambaa kimemteleza kichwani, mikono imechanika mpaka viwiko, macho mekundu. Akanijibu, "Mungu akusaidie nawe, shemeji." Ndilo neno la kwanza tangu mti wa plamu.

Kisha akanyoosha kidevu kuelekea kwa Vidoje, aliyekuwa mistari mitatu mbele, kainama, hata hakuinua kichwa.

"Huyu anataka nini? Nimemwambia nitamlipa, anakataa."

"Hataki kitu. Ndio ugonjwa wake."

"Kila mtu anataka kitu."

"Hata mimi nilisema hivyo mwaka wa kwanza," nikamjibu.

Akanitazama kama anayetaka kucheka asijue kama anaruhusiwa. Mimi nikachukua ndoo yangu pale Vidoje alipoiacha mwanzo wa mstari, nikachuma. Msiniulize kwa nini. Mtu aliyelelewa kwenye rasiberi hawezi kusimama mbele ya tunda lililoiva na mikono imening'inia. Nilichuma kwa hasira mpaka nikampita Vidoje.

Mchana tukala ule mkate pamoja, watatu, kwenye kivuli cha trekta. Stojanka alikula taratibu, akatazama chini kwetu, akatazama tena. Akasema, "Tukimaliza hapa, nishuke kwenu. Tuchume zenu zote zilizobaki kabla ya giza. Mwanga upo."

Niliona vigae vyangu kabisa, vyekundu, vimepangwa.

"Hapana, jirani," akasema Vidoje huku anafuta kisu. "Nikichuma kwako ili nawe uchume kwangu, hapo tumebadilishana. Hiyo ni kazi. Tutakuwa tumeivunja sikukuu wote wawili."

Nilimrushia ndoo. Ilikuwa tupu, Mungu anisamehe, na ilimkosa.

Mvua haikusubiri kesho. Kreti za mwisho za Stojanka zilikuwa zimeshateremka ghalani, ng'ombe wanarudi zizini, mlima ukawa mweusi wa kijani ambao sote tunaujua. Tulikimbilia barazani kwake. Mawe yalianza kugonga bati la banda, kisha hatukusikiana tena. Shamba lake lilikuwa limechumwa, mawe yalipiga majani tu. Letu liko chini yake pale, tulikuwa tunaliona lote. Matawi yalilala. Ilipoacha, ardhi kati ya mistari ilikuwa nyekundu.

Sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno. "Haya," nikamwambia, "nenda kamshukuru Mtakatifu Petro."

Nilitegemea anijibu yale yake ya kupitishia. Hakunijibu hivyo. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, Milunka," na sauti ikamkatika. Hilo ndilo lililonimaliza, maana sasa hata kumgombeza sikuweza vizuri. Nyumbani tukakuta vigae vingine vimevunjika, hata vya jikoni. Nikaongeza sufuria la kupikia jamu na karai la kuogeshea mjukuu. Tukalala tumezungukwa na vyombo.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa sababu hapo ndipo mume wangu aliponitoa roho kabisa. Siku ya pili Obren alikuja na mkokoteni umejaa vigae. Alikuwa ameezua upande mmoja wa zizi lake, ule wa majani makavu, akasema majani yatafunikwa na nailoni, vigae virudi kwa mwenyewe. Vidoje akamkatalia mlangoni. "Nilichokitoa nimekitoa, Obren. Rudi navyo." Obren alisimama pale ameshika mkokoteni, mtu mzima, uso umemshuka kama aliyetukanwa, na watu wanapita barabarani wanamtazama. Akageuza. Nilisikia magurudumu yale mpaka mtoni.

Akaja Stojanka na bahasha. "Hiyo siwezi, jirani," Vidoje akamwambia kwa upole wake ule unaokera. "Ukinilipa, nitakuwa nimefanya kazi siku ya Petro." Akairudisha bahasha kwenye kiganja chake, akamfunga vidole juu yake, akaenda kunyoosha waya shambani.

Stojanka hakwenda kwake. Alizunguka akaingia mlango wa jikoni bila kubisha, akakaa, akaipiga bahasha mezani.

"Shemeji, mumeo amenifunga. Nikimwona njiani napita kwenye miiba. Usingizi sipati. Bora angeniibia, ningejua la kufanya."

Nikampa kijiko cha jamu na glasi ya maji, kama inavyotakiwa mgeni akiingia, nikateleka kahawa. Na nitawaambia jambo: tangu nimeolewa hakuna mtu aliyekaa jikoni kwangu akamlalamikia Vidoje. Wote wanamsifu. Wanakunywa kahawa yangu wanamsifu, na mimi naitikia. Sasa nilikuwa nimepata mtu. Nikamweleza habari ya ndama na ya koti la harusi. Akaniambia kwamba miaka ile alipoukata mti wetu wa plamu, Vidoje alikwenda kumsaidia kuupasua mti huohuo kuwa kuni. Hilo hakuwahi kuniambia, yule mtu. Tulimteta mpaka kahawa ikaisha, nikapika nyingine.

Mvua ndogo ikaanza. Tone likadondoka kwenye sufuria nyuma ya Stojanka. Akageuka, akaangalia sufuria, akaangalia dari.

"Siku nyekundu ijayo ni lini?" akauliza.

"Nabii Eliya," nikasema. Kisha nikatafuta viatu vyangu, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa.

Tulikwenda wote wawili kwa Baba Sava, tukapita kijijini pamoja mchana kweupe, mapazia yakawa yanafunguka. Nikamuuliza: baba, kumwezekea jirani paa siku ya Nabii Eliya, bila malipo, ni dhambi? Akapapasa ndevu. Akauliza jirani gani. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho na mkono wa kanzu. "Si dhambi," akasema, "mradi Vidoje mwenyewe asiguse kitu. Kwake yeye itakuwa kazi."

Nabii Eliya ndiye mwenye radi. Siku yake hapa kwetu mtu haokoti hata reki iliyoanguka, kwa kuogopa moto wa mbinguni. Vidoje alikwenda kanisani mapema kupiga kengele, na ibada ilipokwisha Baba Sava akamng'ang'ania, akamwambia asimame naye wasome majina ya marehemu wa kijiji kizima, mpaka wa vita vya zamani. Brezova ina marehemu wengi, namshukuru Mungu.

Aliporudi alisimama getini. Obren alikuwa amekaa juu kabisa ya paa, miguu huku na huku, anafunga kofia ya paa. Wanaume wengine wamejipanga kwenye papi mpya, zile mbao za kushikia vigae. Stojanka yuko kwenye ngazi, sketi ameikunja kiunoni, anapitisha vigae juu, vingine vya Obren, vingine alivyovinunua yeye. Wanawake wametandika meza uani. Vidoje alivua kofia kwa mazoea, akasema, "Mungu awasaidie," na paa zima likamjibu.

Kisha akavua koti, akaenda moja kwa moja kwenye rundo la vigae, akainua viwili. Nikasimama mbele yake.

"Weka chini."

"Kidogo tu, Milunka. Obren peke yake kule juu..."

"Paa la nani lile?"

"Letu."

"Na leo siku gani?"

Akaangalia vigae mikononi mwake.

"Kwao ni moba," nikasema. "Kwako ni kazi. Weka chini, ukae."

Akakaa kwenye benchi ya mlangoni. Sijawahi kumwona amekaa mchana, isipokuwa akiumwa. Aliweka mikono magotini, akaitoa, akaikunja, akairudisha magotini. Kila kigae kikigongwa anainuka kidogo, ananiona, anakaa. Jasho lilimtoka kuliko waliokuwa juu.

"Milunka," akasema kwa sauti ya chini. "Naona aibu."

Nikakaa karibu yake. Nilikuwa na maneno yangu tangu siku ya mkokoteni, sikuyapunguza.

"Unafikiri Obren hakuona aibu ulipomshushia vigae mlangoni? Aliona, akapokea, kwa sababu ng'ombe walikuwa nje. Alipokuja kukurudishia ukamfukuza na mkokoteni wake mbele ya watu. Stojanka ukamfunga vidole kama mtoto. Umempa kila mtu kila kitu, Vidoje, nafasi ya kukupa wewe hujampa mtu hata siku moja. Unasema baraka inapita kwako. Haipiti. Ikifika kwako inaishia, maana hakuna anayeruhusiwa kuirudisha. Watu wanasema una mkono wazi. Mimi nimelala na beseni, naujua huo mkono. Wewe ni mchoyo. Mchoyo wa baraka."

Alikuwa anatazama juu, kwenye paa.

Stojanka akashuka ngazi. Akanawa mikono, akaenda mezani, akaja na kisahani: kijiko cha jamu na glasi ya maji, kama anavyopewa mgeni. Akasimama mbele ya Vidoje, kwenye nyumba yake mwenyewe, akamnyooshea. "Ni za Petro," akasema. "Zile ulizochuma wewe. Kula, na usinirudishie kitu."

Vidoje akanitazama mimi. Sikumsaidia. Akachukua kijiko, akala, akanywa maji yote. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye masharubu. Kisha akasema, "Asante, jirani." Lilitoka kwa shida kama jino. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo, na kule juu nyundo ya Obren ilinyamaza, kwa hiyo najua si mimi peke yangu niliyesikia.

Jioni walipoondoka, paa limekaa, jekundu mwanzo hadi mwisho. Nikaingia chumbani nikaliondoa lile beseni kitandani, nikalipeleka kwa kuku. Niliporudi uani nilimkuta Vidoje ameinama kando ya ukuta, anaangalia vigae vichache vilivyobaki, mikono nyuma, hajagusa hata kimoja.

"Milunka," akasema, "hivi vina mwenyewe?"

Nikamwambia vina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.